Tuliibiwa au Tulishindwa?

Saa ilikuwa imekwisha. Lakini mpira wa magongo una huruma moja ambayo kandanda haina: penalti kona ikishatolewa, mechi haifungwi mpaka kona hiyo ichezwe. Ndiyo maana Ijumaa ile, kwenye kiwanja cha murramu hapa Thika, hakuna aliyeondoka. Majirani 2, sisi 1, na kona moja imebaki.

Kijana wetu akausukuma mpira kutoka mstari wa nyuma, mwenzake akautega nje kidogo ya Dii, ile nusu duara iliyo mbele ya lango, wa tatu akauchapa kwa nguvu zake zote. Mlinzi wao mmoja alikuwa ameshatimka kutoka langoni, amejikunja, gongo mbele. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya lango, hatua chache tu kutoka wavuni, na nilisikia sauti mbili: ko, halafu tik ndogo, kama kijiko kilichogusa kikombe. Mpira ukapaa, ukapita juu ya bega la kipa, ukatikisa wavu. Tukakumbatiana na watu tusiowajua. Tulipogeuka, ampaya alikuwa ameshapuliza filimbi na mkono wake umeelekea upande tusioutaka. Mpira wa walinzi. Goli hakuna. Mechi imekwisha.

Shule zenyewe sitazitaja. Inatosha kusema kwamba zinapakana. Vijana wa pande zote mbili hupanda matatu moja na kununua viazi karai kwa mama mmoja, na nyumba moja huweza kuwa na kaka huku na kaka kule. Ndiyo sababu kufungwa na hawa kunauma kuliko kufungwa na wageni kutoka Kitale au Kisumu. Wale ni mabingwa wa siku nyingi wa magongo ya shule; ukifungwa nao unasema asante kwa mafunzo. Ukifungwa na jirani, utakutana naye Jumatatu kwenye foleni ya matatu, na atakuwa anacheka.

Jumapili baada ya kanisa tulijikuta kwenye kibanda cha chai nyuma ya steji ya magari ya Ruiru. Hatukuitana. Alikuwepo makanga mmoja wa laini hiyo, mwanafunzi wa zamani wa shule yetu. Alikuwepo mzee tunayemwita Guka, aliyecheza magongo ujanani na ambaye magoti yake hayajasahau. Alikuja mama wa yule kijana aliyeusukuma mpira wa mwisho. Ana kibanda cha mitumba soko la Jamhuri. Na katikati ya chai akaingia mwalimu wa kike anayefundisha Ruiru. Wikendi huvaa filimbi shingoni na kuchezesha magongo. Mechi yetu hakuichezesha, wala hakuwepo. Nayaandika yaliyosemwa kwa kadiri nilivyoyashika, ila matusi nimeyaacha chini ya benchi.

MAKANGA: Andikeni mahali kwamba sisi hatukushindwa. Tumeibiwa, mchana, mbele ya watoto.

GUKA: Asiyekubali kushindwa si mshindani.

MAKANGA: Guka, hiyo methali ilitungwa na aliyeshinda.

GUKA: Inawezekana. Lakini tulifungwa mbili kabla ya hiyo kona. Hizo mbili nazo ziliibwa?

MAKANGA: Hizo ni zao halali. Mimi si mtu wa kukataa kila kitu. Nalalamikia moja tu, na moja ndiyo ilikuwa inatutosha. Sare, halafu penalti za ana kwa ana, na kipa wetu kwa hizo ni shetani. Mchezo mzima unafutwa na mkono wa mtu mmoja, na huyo mtu haulizwi! Mimi nikimzidishia abiria nauli ya shilingi kumi, nitaulizwa mpaka Ruiru.

MAMA: Mimi nina swali dogo. Ile chupa ilirushwa na nani?

MAKANGA: Chupa gani?

MAMA: Iliyopita karibu na kichwa cha yule dada wa filimbi alipokuwa anasindikizwa ofisini.

MAKANGA: Mama, ile ilikuwa tupu.

MAMA: Ilikuwa na maji nusu. Nilikuwa nimekaa karibu na aliyeirusha.

Hapo makanga alianza kukoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani.

MAMA: Mimi sijui Dii wala kona. Mwanangu amerudi nyumbani hali chakula, ananiambia, mama, ningeusukuma polepole kidogo, jamaa angeupiga vizuri. Anajilaumu yeye, halafu ninyi watu wazima mnamlaumu mwanamke. Na maneno niliyoyasikia pale nyuma ya kamba, hata sokoni siku ya kufungua mzigo mpya hayasemwi. Yule naye ni mtoto wa mtu.

MAKANGA: Sikatai kwamba ni mtoto wa mtu. Nasema alikosea.

GUKA: Basi tumwulize anayejua. Mwalimu, wewe una filimbi. Alikosea?

MWALIMU: Sikuwepo, Guka. Niambieni kwanza: kijana aliuchapa au aliuburuta?

MAKANGA: Aliuchapa! Kama umeme.

MWALIMU: Basi hapo ndipo pana kazi. Lango la magongo lina upana wa mita 3.66 na kimo cha mita 2.14. Chini yake, nyuma ya mstari, kuna ubao wa kimo cha milimita 460. Guka, samahani.

Akainama, akaweka kiganja chake kwenye goti la mzee, usawa ule ule wa benchi tulilokalia.

MWALIMU: Ni hapa, goti la mtu mzima. Kwenye penalti kona, shuti la kwanza likiwa la kuchapa, mpira hauruhusiwi kuvuka mstari wa goli ukiwa juu ya hapa. Ukiusukuma au ukiuburuta kwa gongo, unaweza kuupeleka hadi kwenye kona ya juu, hakuna atakayekuuliza. Ukiuchapa, unabaki chini. Sheria hiyo iliwekwa kwa sababu ya nyuso za wale wanaotimka kutoka langoni kuja kuuzuia.

MAKANGA: Sasa umefika penyewe. Huo mpira uligusa gongo la mlinzi wao, ndilo lililoupandisha. Kulikuwa na sauti mbili. Huyu mwandishi ni shahidi, alikuwa nyuma ya goli.

Nikakubali. Sauti mbili, tena nikaigiza kwa kijiko.

MWALIMU: Tuseme uligusa. Sheria haiishii hapo. Inauliza: kabla haujaguswa, ulikuwa unaelekea wapi? Kama ulikuwa unakwenda chini ya ubao na mlinzi mwenyewe akaupandisha, ni goli, hata ukipasua wavu wa juu. Kama ulikuwa umeshaanza kupanda tangu ulipotoka kwenye gongo la mpigaji, kuguswa hakuokoi kitu.

MAMA: Ngoja kwanza. Yaani anaamua kuhusu mahali ambapo mpira haukufika?

MWALIMU: Ndivyo, mama. Anauona hapa, anakisia ungekuwa wapi pale, na ana muda wa kupepesa jicho. Kutoka ukingo wa Dii hadi golini ni kama mita kumi na nne na nusu. Kiwanja ni murramu, kijiwe kimoja tu kinatosha kubadilisha habari.

Nikiri kitu hapa. Kwa siku mbili nilikuwa natembea na zile sauti zangu mbili kama mtu mwenye stakabadhi mfukoni, nikimwonyesha kila niliyekutana naye Kenyatta Highway. Mama muuza mitumba, kwa swali moja, akanionyesha kwamba stakabadhi ni ya kweli lakini duka silo. Sauti inathibitisha kuguswa. Haisemi chochote kuhusu kimo. Mashabiki wote pale kwenye kamba tulikuwa tunapigania jambo ambalo huenda hata ampaya hakulikataa.

MAKANGA: Sawa, sheria ni ngumu. Basi watumie video. Dunia nzima wanatumia video.

MWALIMU: Magongo ya kimataifa yanatumia. Timu ikiona imeonewa, inaomba uamuzi uangaliwe upya, na ikikosea inapoteza haki ya kuomba tena. Ni utaratibu mzuri. Mnayo video?

MAKANGA: Ninayo!

Tukaizunguka simu yake watu watano, mama chai akiwa wa tano na mwiko mkononi. Video ilianza vizuri. Kijana anasukuma, mwenzake anatega, gongo linapanda. Kisha aliyekuwa anarekodi naye akaruka. Tuliona mawingu, tukaona kisogo cha mtu mwenye kofia ya manjano, halafu tukaona mpira umo wavuni na watu wanapiga kelele. Makanga akairudisha mara sita. Mawingu yalikuwa yale yale.

GUKA: Hata ingeonekana. Mwaka jana, 2025, tarehe 22 Agosti, mlikuwa wapi?

MAKANGA: Kasarani. Usinikumbushe.

GUKA: Robo fainali ya kandanda ya CHAN, Kenya na Madagascar. Tunaongoza 1–0. Wakaenda kwenye video, wakaona mkono ndani ya eneo letu, penalti, 1–1. Mwishowe tukatolewa kwa mikwaju, 4–3. Video ilikuwepo, kamera kila kona. Mlirudi nyumbani mkiwa mmeridhika?

MAKANGA: Tulirudi tukisema video imenunuliwa.

GUKA: Haya.

MAKANGA: Lakini Guka, msitufanye wajinga. Hatuoti ndoto. Juni 2018, siku chache kabla ya Kombe la Dunia la Urusi, mwamuzi msaidizi wetu, Mkenya, aliyekuwa ameshachaguliwa kwenda, alionekana kwenye video ya yule mwandishi wa Ghana, Anas Aremeyaw Anas, akipokea dola 600. BBC waliionyesha. Akaachwa nyumbani. Sasa mtu akishaona hiyo, mtamlaumu akishuku filimbi?

Swali hilo lilituliza kibanda, na sidhani lilistahili jibu la haraka. Huwa tunaambiwa, sisi mashabiki, kwamba tunashuku kwa sababu ya ushabiki. Mara nyingine tunashuku kwa sababu tulionyeshwa. Imani ikishavunjwa Accra au Moscow, vigae vyake huokotwa Thika, na anayekatwa navyo ni mwalimu wa shule aliyekuja na sandwichi yake mfukoni.

MWALIMU: Hukosei. Yule alitutia doa sote. Lakini hapo Juja, katikati ya Thika na Ruiru, kuna Peter Waweru anayefundisha hisabati chuo kikuu cha JKUAT. Huyo huyo amechezesha mechi za Kombe la Mataifa ya Afrika. Darasani anaweza kukupigia hesabu ya mpira unaopaa, ubao mzima. Uwanjani hana ubao wala chaki, ana jicho kama la mwenzake. Mbona jina lake halitajwi vibandani kama la yule wa dola?

MAKANGA: Kwa sababu hajatuuma.

MWALIMU: Umesema kweli kuliko ulivyokusudia. Na mimi hujawahi kuniuliza ninalipwa nini.

MAKANGA: Unalipwa nini?

MWALIMU: Nauli, mara nyingi. Chakula cha mchana, kama wapishi wa shule hawajafunga jikoni. Kadi zangu tatu, kijani, njano na nyekundu, nilizinunua mwenyewe. Nikimtoa kijana wenu kwa kadi ya kijani, dakika mbili tu nje, natukanwa kwa jina la mama yangu, ambaye yuko Murang'a anachuma chai na hajui magongo ni nini.

Guka alikuwa amekaa kimya muda mrefu kwa mtu wa umri wake. Alipoanza, alianza mbali, na tulimwacha, kwa sababu katika nchi hii ambako magongo ya sasa hayapati hata nusu ukurasa gazetini, wazee kama yeye ndio maktaba.

GUKA: Oktoba 1971, Barcelona. Kombe la Dunia la kwanza la magongo. Kenya ilikuwepo, nahodha Avtar Singh Sohal. Tukafika nusu fainali! Mnanisikia? Nusu fainali ya dunia. Wenyeji Uhispania wakatufunga 1–0. Kisha tukacheza na India kutafuta nafasi ya tatu, tukafungwa 2–1 katika muda wa nyongeza. Nafasi ya nne duniani. Bao moja hapa, bao moja pale. Nami nawaambia, hakuna mtu aliyelaumu ampaya.

MWALIMU: Hakuna kabisa, Guka?

GUKA: Labda wachache.

MAMA: Na wewe?

GUKA: Mimi nilikuwa kijana. Nilimlaumu mpaka Krismasi.

Tulicheka, naye akacheka, kisha akainua kidole.

GUKA: Lakini mwaka uliofuata nikapata dawa. Olimpiki ya Munich, 1972. Fainali ya magongo, Pakistan na Ujerumani Magharibi. Wajerumani wakashinda 1–0, goli la Michael Krause, na goli lenyewe lilitokana na nini? Penalti kona! Wapakistani walikuwa na hasira na ampaya mechi nzima. Filimbi ya mwisho ikalia, vurugu. Mkubwa wa shirikisho la magongo duniani, René Frank, akamwagiwa maji. Kwenye kutoa medali, wachezaji wakaigeuzia mgongo bendera ya washindi. Wachezaji kumi na mmoja wakafungiwa Olimpiki maisha, ingawa baadaye adhabu ilipunguzwa. Hawa hawakuwa vijana wa shule. Hawa walikuwa mabingwa wa dunia, ndio waliochukua lile kombe la Barcelona.

MAKANGA: Na walikuwa wameonewa?

GUKA: Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Pengine walikuwa wameonewa kweli. Hakuna anayekumbuka. Kila mtu anakumbuka maji.

Makanga hakujibu. Akatoa kofia, akaivaa tena. Halafu, bila kuulizwa, akasimulia yake.

MAKANGA: Mimi nilikuwa Nyayo tarehe 18 Machi 2012. Mjomba alinipeleka, nilikuwa mtoto wa shule. Gor na Ingwe, watani wa jadi wa kandanda, Mashemeji wenyewe. Mchezaji wetu wa Gor akapewa kadi nyekundu. Watu wakaanza kung'oa viti. Viti vya plastiki vinaruka kama sahani. Polisi wakarusha mabomu ya machozi, mechi ikasimama. Mjomba akanibeba mgongoni na mimi tayari ni mkubwa, miguu yangu inaburuzika chini. Nakumbuka harufu tu. Wala sikumbuki ile kadi ilikuwa ya haki au la.

MAMA: Na bado ulirusha chupa.

MAKANGA: Ndiyo, mama. Nilirusha.

Alikiri hivyo hivyo, hakuna aliyempongeza wala kumkemea. Mama chai alimwongezea chai. Ningependa kuwaambia kwamba mjadala uliishia hapo kwa upatanisho, lakini Mwalimu hakuwa amemaliza. Kwa kweli ndiyo kwanza alikuwa anaanza.

MWALIMU: Mmesema yule dada, yule dada, tangu nimekaa. Magongo yana ampaya wawili, kila mmoja na nusu yake ya uwanja. Kwenye penalti kona, wa kwanza anasimama pembeni ya lango. Wa pili anakaa nyuma, upande wa wapigaji, anamsaidia. Anatazama kama mpira umetoka nje ya Dii, na akitazama vizuri huuona mpira unavyotoka kwenye gongo kwa mstari ulionyooka mbele yake. Wa pili alikuwa nani?

Nilimtazama makanga, naye akanitazama mimi. Tulijua sote wawili.

MAKANGA: Aliyepangwa hakufika. Walisubiri nusu saa. Waandaaji wakauliza nani ana filimbi.

MWALIMU: Nani alikuwa nayo?

MAKANGA: Mwalimu wetu wa michezo.

GUKA: Wetu? Wa shule yetu?

MAKANGA: Wetu.

Sasa ilikuwa zamu yangu, maana kuna kitu nilikiona Ijumaa ile ambacho nilikuwa sijamwambia mtu. Mpira ulipotikisa wavu, kabla ya filimbi, yule dada aligeuza uso akamtafuta mwenzake. Mara moja tu. Niliuona uso wake vizuri kwa sababu nilikuwa nyuma ya lango: hakuwa na uhakika. Nikafuata macho yake hadi kwa mwalimu wetu. Naye akainama kufunga kamba ya kiatu.

Nilipowaambia, hakuna aliyesema kitu kwa muda. Matatu moja ilipiga honi steji, makanga hakugeuka, ingawa ilikuwa ya kwao.

MAKANGA: Kwa nini hakusema? Yeye ndiye angetuokoa!

MWALIMU: Jiulize angesema nini. Akisema ni goli, leo kuna kibanda cha chai upande wa majirani ambako watu wanasema tuliibiwa, mwalimu wao ndiye alikuwa ampaya. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Na wangekuwa na haki ya kusema hivyo. Akisema si goli, kesho ataingiaje kwenye lango la shule yenu? Mkamweka mtu mahali ambapo ukweli, uwe upande gani, ungemtia hatiani. Akachagua kiatu.

MAMA: Na yule dada akabaki peke yake.

MWALIMU: Peke yake. Na ampaya aliye peke yake, akiwa na shaka, hatoi goli. Tumefundishwa hivyo: usichokiona usikitoe.

GUKA: Kumbe uamuzi wake ulikuwa sahihi hata kama goli lilikuwa halali.

MWALIMU: Guka, umenitoa maneno mdomoni.

Hapa ndipo mimi na makanga tulipoachana kimawazo, na bado tumeachana. Yeye anasema hilo halibadilishi kitu: kama goli lilikuwa halali, tuliibiwa, na mwizi awe ampaya, kiatu au ratiba, mali yetu imepotea. Namwelewa. Shabiki hana wajibu wa kuwa hakimu. Angekuwa na moyo wa hakimu angekaa nyumbani. Nisichokubaliana naye ni anwani ya hasira yake. Kwa ile mechi tulikodi basi la mashabiki. Tulinunua vuvuzela, ambazo nilidhani zilikwisha na Afrika Kusini 2010. Tulichapisha fulana za manjano zenye jina la shule na picha ya simba ambaye, samahani kwa mchoraji, anafanana na mbuzi. Michango yote hiyo ilikusanywa na makanga huyu huyu, kwa daftari, kwa uaminifu, senti kwa senti. Hatukutenga hata nauli moja ya kumtoa ampaya wa pili kutoka Nairobi, asiye wetu wala wao. Hakuna aliyeikumbuka, na miongoni mwa wasioikumbuka nilikuwemo.

Mkono mtupu haulambwi, wanasema, nasi tulitaka kuulamba na kuung'ata.

MAKANGA: Basi tukate rufaa. Tupeleke ile video.

GUKA: Ile ya mawingu?

MWALIMU: Matokeo hayatabadilika. Uamuzi wa kimo ni wa ampaya, ukishatolewa umetolewa. Lakini mnaweza kuandika barua nyingine. Muombe kwamba kuanzia nusu fainali za kaunti ndogo, ampaya wote wawili watoke nje ya shule zinazocheza, na kwamba asipofika mmoja, mechi isogezwe.

MAKANGA: Watasema hakuna pesa.

MAMA: Pesa ngapi?

MWALIMU: Nauli ya kwenda na kurudi, chakula, na kitu kidogo cha kumshukuru. Mama, haifiki bei ya zile fulana.

Mama akafungua leso, akatoa noti ya shilingi 200, akaiweka mezani juu ya makombo ya mandazi. Guka akaongeza mia. Makanga akasema hana kitu mfukoni kwa sasa, tumkate kwenye nauli, na Mwalimu akamwambia kwamba yeye hupanda laini ile kila Jumamosi na atahakikisha anakatwa.

Barua imeandikwa. Imesainiwa na watu wanne, na sahihi ya tano ni alama ya kikombe cha chai ambayo haikukusudiwa. Mkiwa na mtoto kwenye timu ya magongo, iwe Chania, Makongeni, Juja au Kihunguro, andikeni ya kwenu kabla muhula wa kwanza mwingine haujafika, na kabla ya kuchapisha fulana.

Nami niliyesimama nyuma ya lango bado nasema lilikuwa goli. Kwenye kitabu cha mashindano imeandikwa 2–1.